Je, Ni Haki Kusadiki Tusichokiona?

Wako watu wapendao kusema: "Mimi siamini ila nionacho kwa macho yangu." Hulisema neno hili kwa fahari, kana kwamba ndicho kikomo cha akili. Wako na wengine, nao ni wengi, ambao wakiona alama ndogo tu, bundi kalia juu ya paa au mtoto kashikwa na homa ghafla, papo hapo husema wamekwisha jua kilichojificha nyuma yake. Wa kwanza hukataa kila kisichoonekana, na wa pili hukubali kila kinachodhaniwa. Ndugu msomaji, ningependa tuchunguze pamoja: Je, ni haki mtu kusadiki kitu asichokiona? Na ikiwa ni haki, ni kwa masharti gani?

Mabishano ya maneno matupu juu ya jambo hili hayana mwisho. Afadhali tuchukue mfano mmoja uliochunguzwa kwa miaka mingi na watu wa mataifa mbalimbali, tutazame hatua kwa hatua walivyofikia yakini. Mfano huo ni wa nyota za nyutroni, ambazo hujijulisha kwetu kwa mapigo na milipuko ya eksirei. Tena habari hii ina uhusiano na pwani yetu ya Afrika ya Mashariki, kama utakavyoona.

Nuru isiyofika ardhini

Eksirei tunaijua hospitalini: ni miale ipenyayo nyama na kuonyesha mifupa. Vitu vyenye joto la mamilioni ya digrii hutoa miale hiyo kwa wingi. Lakini hewa iliyoizunguka dunia huizuia miale itokayo mbinguni isitufikie, na hiyo ni rehema kwetu, maana ingetudhuru. Kwa hiyo tangu kuumbwa kwake mwanadamu alitazama nyota usiku bila kujua kwamba mbingu zina nuru nyingine asiyoweza kuiona.

Mwezi wa Juni 1962 Riccardo Giacconi na wenzake walirusha roketi kutoka New Mexico, Marekani, ili watafute eksirei zitokazo mwezini. Za mwezini hawakuzipata, bali walikuta mwangaza mkubwa wa eksirei utokao upande wa kundi la nyota liitwalo Nge. Roketi ile ilikaa juu ya hewa kwa dakika chache tu. Ilihitajiwa setilaiti iwezayo kutazama kwa miezi na miaka.

Setilaiti hiyo ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, lililosimama baharini mbele ya Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Jukwaa lilikuwa la Waitalia na setilaiti ilikuwa ya Wamarekani. Mahali pale ni karibu na ikweta, ambako mzunguko wa dunia yenyewe husaidia kukipa chombo mwendo. Siku hiyo Kenya ilikuwa ikitimiza miaka saba ya kujitawala, na Bibi Marjorie Townsend, aliyeisimamia kazi hiyo kwa upande wa Marekani, akaipa setilaiti jina la Uhuru. Ilifanya kazi hadi Machi 1973, na orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339 vya eksirei. Hata leo nyingi katika nyota hizo huandikwa kwa herufi U, yaani Uhuru, na neno hilo la Kiswahili limo katika vitabu vya elimu ya falaki duniani kote.

Mapigo

Mwaka 1971 Uhuru ilipokitazama chanzo kiitwacho Centaurus X-3, ilionekana kwamba eksirei zake haziji mfululizo bali huja kwa mapigo, pigo moja kila sekunde 4.8. Hata hivyo wachunguzi walikuta jambo la kutatiza: muda kati ya pigo na pigo haukuwa sawasawa. Mara ulipungua kidogo, mara ulizidi kidogo. Tena kila baada ya siku mbili na saa mbili hivi, mapigo yalinyamaza kabisa kwa muda wa karibu nusu siku, kisha yakarudi.

Fikiri, msomaji, mpiga ngoma aliyeketi ndani ya mashua inayozunguka kisiwa usiku wa giza. Wewe umesimama pwani, humwoni, wala mashua huioni. Mpigaji hubadili mwendo wa mkono wake kamwe. Lakini mashua inapokuja upande wako mapigo yatakufikia yakiwa yamekaribiana, na inapokwenda mbali yatakufikia yakiwa yameachana. Inapopita nyuma ya kisiwa utasikia kimya. Basi, kwa kusikiliza tu, waweza kujua kwamba kiko kisiwa, iko mashua, na safari ya kukizunguka huchukua muda gani.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Centaurus X-3. Mapigo yalikaribiana na kuachana kwa mpango ule ule wa siku mbili na saa mbili. Na kimya hakikuja wakati wowote tu. Kilikuja hasa pale ambapo mpigaji alikuwa ameacha kwenda mbali na hajaanza kurudi, yaani pale pale anapotakiwa kuwa nyuma. Ishara mbili zisizotegemeana zilisema neno moja. Kwa hesabu ilijulikana kwamba mpigaji huyo huzunguka kwa mwendo wa kilometa 415 hivi kila sekunde, na kwamba nyota anayoizunguka ni nzito kuliko jua letu mara kumi na tano au zaidi. Mwaka 1974 mwanafalaki Krzeminski alitangaza kwamba ameiona kwa darubini ya kawaida nyota kubwa mahali pale, na mwanga wake hubadilika kwa mpango ule ule. Hesabu ilitangulia na jicho likafuata.

Na mpigaji mwenyewe ni nani? Chanzo kingine, Hercules X-1, hupiga kila sekunde 1.24. Kitu kizungukacho haraka hivyo na kutoa nguvu nyingi hivyo hapana budi kiwe kidogo mno na kizito mno. Mwaka 1934 Walter Baade na Fritz Zwicky walikuwa wamekwisha toa rai kwamba nyota kubwa inapokufa kwa kishindo yaweza kuacha kiini kilichoshindiliwa hata kikawa karibu chote ni nyutroni. Nyota ya namna hiyo ina uzito upitao ule wa jua, lakini upana wake ni wa mji mmoja tu, kilometa ishirini na kidogo kutoka upande hadi upande. Kijiko kimoja cha chai cha dutu yake kingekuwa na uzito wa zaidi ya tani milioni elfu moja.

Gesi ya nyota jirani huvutwa na mwili huo na kuanguka juu yake kwa mwendo wa karibu nusu ya ule wa nuru. Nguvu ya sumaku huielekeza gesi kwenye ncha mbili, nazo hupata joto kali na kung'aa kwa eksirei. Nyota inapojizungusha, ncha hizo hutupitia mbele kama taa ya mnara wa bandarini, nasi twaona mapigo. Jambo moja zaidi lilitia nguvu hoja hii. Mapigo ya Centaurus X-3 na ya Hercules X-1, yalipopimwa kwa miaka, yalionekana kwa jumla yanazidi kuwa ya haraka. Kitu kinachotumia akiba yake mwenyewe ya mzunguko hupungua mwendo. Hiki kilikuwa kinaongezewa, kwa hiyo kulikuwako kitu cha nje kinachokilisha na kukisukuma.

Heshima ya kufuta neno

Lakini katika mwaka ule ule wa 1971 jamaa wale wale wa Uhuru walikuwa wametangaza kwamba chanzo kingine, Cygnus X-1, nacho kina mapigo yenye muda maalumu. Kilipochunguzwa zaidi ilionekana sivyo. Eksirei zake huchezacheza haraka sana, lakini bila saa wala mpango. Neno la kwanza likaachwa. Na faida iliyopatikana kwa kuliacha ilikuwa kubwa, maana kitu kile hakikuwa nyota ya nyutroni hata kidogo, bali kilikuja kuhesabiwa kuwa shimo jeusi la kwanza kutambuliwa angani. Kama wangeling'ang'ania mapigo wasiyokuwa nayo, wangejifungia mlango wa ukweli mkubwa zaidi. Sharti hili la kuwa tayari kufuta neno tutalirudia.

Milipuko

Mwaka 1975 setilaiti ya Uholanzi iitwayo ANS ilikuwa ikitazama rundo la nyota NGC 6624. Ghafla, katika muda wa sekunde moja hivi, eksirei ziliongezeka mara nyingi, kisha zikafifia taratibu katika sekunde chache. Milipuko kama hiyo ilikuwa imeandikwa pia na setilaiti za Marekani ziitwazo Vela, ambazo zilipelekwa juu kwa kazi nyingine kabisa, yaani kuchungulia kama kuna taifa linalojaribu mabomu ya nyuklia kwa siri. Vyombo vilivyotengenezwa kwa sababu ya binadamu kutoaminiana vikapokea habari za moto wa nyuklia usiowashwa na binadamu yeyote.

Maana ndivyo ilivyoelezwa: gesi iliyoanguka hujilimbika juu ya nyota kimya kimya kwa muda wa saa kadhaa, hushindiliwa na kupata joto, hata ghafla haidrojeni na heliamu zake hushika moto wa nyuklia pande zote. Ni kama maziwa yaliyo jikoni: hukaa yametulia, kisha hufura mara moja. Na moto huo si mdogo. Mlipuko mmoja wa sekunde chache waweza kutoa nguvu ambayo jua letu huitoa kwa siku kadhaa.

Je, wataalamu waliikubali kauli hiyo kwa kuwa inapendeza? La hasha. Waliipa mtihani. Kilo moja ya gesi iangukayo juu ya nyota ya nyutroni hutoa, kwa kule kuanguka tu, nguvu kubwa kuliko itakayotolewa na kilo hiyo hiyo ikiungua kwa nyuklia, kiasi cha mara arobaini hadi mia moja. Basi kama kauli ni ya kweli, nguvu ya eksirei za kila wakati ikilinganishwa na ile ya milipuko yapasa ionyeshe uwiano huo. Wakipima wakute uwiano mwingine, kauli imeanguka. Walipima, na kwa jumla uwiano ulikuwa huo. Tena, walipotazama mlipuko unavyopoa, hesabu iliwaonyesha kwamba kitu kinachopoa kina nusu kipenyo cha kilometa kumi hivi, nao ndio ukubwa wa nyota ya nyutroni.

Kisha likatokea pingamizi. Mwezi Mei 1975 setilaiti ya SAS-3 ilirushwa kutoka jukwaa lile lile la San Marco, na mwaka 1976 ilionyesha chanzo ambacho hulipuka mfululizo, pengine kila baada ya sekunde kumi hivi. Kwa muda mfupi kama huo gesi haiwezi kulimbikana ya kutosha kuwaka. Mtu mwenye haraka angesema: "Tazama, kauli yote ni uongo." Mwingine mwenye haraka angeyafumbia macho mapigo hayo. Wachunguzi hawakufanya hili wala lile, bali waliendelea kutazama. Mwaka 1977 waliona kwamba katikati ya milipuko ile ya haraka iko milipuko mingine, ijayo kila baada ya saa kadhaa na kupoa taratibu. Hii ndiyo ya moto wa nyuklia. Ile ya haraka ni gesi inayoanguka kwa mafungu badala ya kutiririka. Na nguvu ya mafungu yale ilizidi ya moto wa nyuklia kwa zaidi ya mara mia moja, kama ilivyotazamiwa. Pingamizi lililongojewa kwa subira likageuka kuwa shahidi.

Likabaki fumbo moja la miaka mingi. Nyota zenye mapigo hazikuonyesha milipuko, na zenye milipuko hazikuonyesha mapigo. Ilielezwa kwamba zile za kwanza zina sumaku kali na za pili zina sumaku dhaifu, lakini huko kulikuwa kueleza tu. Mwaka 1998, katika chanzo kiitwacho SAX J1808.4-3658 ambacho kilikwisha julikana kwa milipuko yake, Rudy Wijnands na Michiel van der Klis walikuta mapigo 401 kila sekunde. Mwaka 2002 nyota hiyo ilipong'aa tena, milipuko yake yenyewe ilionekana ikitetemeka kwa hesabu ile ile ya 401. Mashahidi wawili waliosikilizwa mbali mbali kwa zaidi ya miaka ishirini walimtaja mtu mmoja.

Masharti ya haki

Sasa, msomaji mpenzi, turudi kwenye swali letu. Hakuna mtu aliyewahi kukaribia hata moja ya nyota hizi na kuona uso wake. Ziko mbali mno, nazo ni ndogo mno. Hata hivyo mtu mwenye insafu hawezi kukataa kuwako kwake. Yule asemaye haamini ila aonacho kwa macho hana budi kuikataa pia picha ya eksirei anayoonyeshwa na daktari, na hukumu ya hakimu ambaye hakuwapo mwizi alipovunja nyumba. Hatuishi hata siku moja bila kusadiki tusivyoviona. Basi kusadiki kisichoonekana ni haki.

Lakini ni haki yenye masharti, na mfano wetu umetuonyesha manne. Kwanza, ishara ichunguzwe kama haina sababu nyingine iliyo karibu zaidi. Pili, mwenye kudai aseme mapema ni jambo gani likionekana dai lake litakuwa limeanguka. Tatu, mashahidi wawe wengi kweli, wasiotegemeana, wala si kinywa kimoja kinachorudiwa na watu mia. Nne, mdai awe tayari kufuta neno lake, tena hadharani kama alivyolitangaza. Na juu ya yote, nguvu ya maneno isizidi nguvu ya ushahidi. Mpaka leo wataalamu hawajakata shauri dutu iliyo kwenye kitovu cha nyota ya nyutroni iko katika hali gani, nao husema hivyo waziwazi.

Huenda mtu akasema: "Hayo ni mambo ya nyota, yanatuhusu nini?" Yanatuhusu sana, kwa kuwa kosa katika jambo hili humwaga damu. Katika nchi ya Usukuma, Tanzania, akina mama wazee wameuawa kwa mapanga usiku kwa sababu macho yao ni mekundu, na wekundu huo ukahesabiwa kuwa ishara ya uchawi. Hapa nako ilionekana ishara, na kikasadikiwa kisichoonekana. Hebu tupime kwa masharti yetu. Je, hakuna sababu nyingine? Ipo, tena i wazi: bibi yule amepika kwa miaka hamsini ndani ya moshi wa kuni na samadi. Je, washtaki walisema ni kitu gani kingethibitisha kwamba hana hatia? Hawakusema, maana akilia ni mchawi na akinyamaza ni mchawi. Je, mashahidi ni wengi? Mara nyingi ni mpiga ramli mmoja, na wengine wanarudia alichosema. Je, neno laweza kufutwa? Wataalamu wa Uhuru waliweza kuyafuta mapigo ya Cygnus X-1, na hakuna aliyedhurika. Bibi aliyekwisha zikwa hafutiwi hukumu.

Basi tazama jinsi mambo yalivyopinduka. Kwa nyota iliyo mbali kiasi kwamba nuru yake husafiri maelfu ya miaka kabla ya kutufikia, watu walitumia miaka thelathini kabla ya kuyaunganisha mapigo na milipuko katika mwili mmoja. Kwa bibi wa jirani, ambaye mtu angeweza kumwendea na kuketi naye jikoni kwake, usiku mmoja ulitosha.

Mwenye dini naye ana la kujifunza. Asiharakishe kuifanya kila ajabu ya mbinguni kuwa dalili ya kile anachotaka kukithibitisha. Mwaka 1967 Jocelyn Bell alipogundua huko Cambridge mapigo ya redio yaliyokuja kama saa, ilitajwa, nusu kwa mzaha, kwamba pengine ni viumbe wenye akili wanaotuita. Akatafuta zaidi, akakuta mapigo mengine ya namna hiyo upande mwingine wa mbingu, na dhana ile ikafa. Imani katika ghaibu haipati heshima kwa kuazima ushahidi usio wake. Sisi tulioamrishwa kuichunguza habari kabla ya kuwadhuru watu bila kujua, yatupasa tuwe wa kwanza kuuliza: Neno hili limetoka wapi? Nani mwingine ameliona? Nini kingelikanusha?

Kwa hiyo nakusihi, msomaji, wakati mwingine utakapoletewa habari ya jambo lililofichika, ya jirani kuroga, ya mke kuhaini, ya kijana kuiba, usiikatae kwa kuwa hukuiona, wala usiikubali kwa kuwa iko ishara. Ipe masharti haya manne. Kama hayatimii, nyamaza, na uwazuie wengine wasiinue mkono. Mwenyezi Mungu atujalie subira ya kuchunguza na ushujaa wa kufuta maneno yetu yanapokuwa si kweli. Amin.